Doa Lisilotoka

"Mwanangu, kisu chako kinakata. Ila kina doa halitoki."

Shangazi aliyasema hayo bila kuniinulia macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani kwake Mbagala, beseni la vibua mbele yake, na kisu nilichomtengenezea kinaingia matumboni mwa samaki na kutoka kana kwamba hakijakutana na kitu. Nilikuwa nimempelekea wiki mbili kabla, nimekiviringisha kwenye kanga kama mahari. Sasa ubapa wake ulikuwa na mikwaruzo ya kila upande. Akanihesabia alivyohangaika nacho: waya wa kusugulia sufuria, kisha majivu, kisha mchanga. Doa linafifia. Akikata ndimu, linarudi.

"Labda chuma chenyewe kilikuwa na ugonjwa," akasema kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba.

Doa lile lilinichukua miezi saba.

Sikumwambia. Niliitikia "Ndiyo, shangazi," nikala kibua changu na pilipili, nikapanda daladala kurudi nyumbani. Leo ni wiki ya sita na maneno yale bado yananitembea kichwani. Kilichoniuma si kusuguliwa kwa kisu. Kisu cha jikoni kazi yake ni kusuguliwa. Kilichoniuma ni swali nililokuwa nimelikwepa miezi yote saba: ule mstari anaouita doa nilikuwa namtengenezea nani?

## Kilichomo ndani ya doa

Wajapani wanaliita hamon. Ha ni makali, mon ni nakshi. Jina linapotosha kidogo, maana nakshi huchongwa au huchorwa, na hii haichorwi.

Ni chuma kimoja kilichopoa kwa kasi mbili. Unakipaka kisu udongo, mzito mgongoni, mwembamba au hamna kabisa kwenye makali, unakipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha unakizamisha. Makali yaliyo wazi yanapoa chini ya sekunde moja na kuwa magumu kama kioo. Mgongo uliojifunika udongo unapoa polepole na kubaki mlaini, wa kunyumbuka. Pale ugumu na ulaini vinapokutana pana mpaka. Ukisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, ukapaka kitu chenye ukali kidogo kama siki au ndimu, pande mbili hazishiki rangi sawa, na mpaka unajitokeza: weupe wenye ukungu, unapanda na kushuka kama alama ambayo maji huacha mchangani yakianza kupwa.

Wahunzi wa panga za Japani walikuwa wameshaibobea kazi hii zaidi ya miaka 700 iliyopita, enzi za Kamakura, zama za yule mhunzi Masamune ambaye jina lake mpaka leo linatajwa kwa kunyenyekea. Wajuzi wa panga huusoma mstari kama sisi tunavyosoma mwandiko wa mtu: ulionyooka wanauita suguha, wenye mawimbi mapana notare, na kwa mstari huo wanaweza kukisia upanga umetoka kwenye shule gani ya wahunzi. Mwaka 1876 serikali ya kule ilipiga marufuku watu kutembea na panga viunoni, na wahunzi wengi wakajikuta hawana wateja. Waliohamia jikoni na shambani ndio walioendelea kula.

Mji wa Sakai, karibu na Osaka, mpaka leo unatengeneza visu vya jikoni vya aina hiyo, vinaitwa honyaki. Ni vya bei ya kukufanya ukae chini, maana vingi hupasuka kabla havijamfikia mnunuzi. Na vingi ni vya kukatia nini? Samaki.

Kwa hiyo kisu cha samaki chenye hamon si wazimu wangu peke yangu. Nilijifariji hivyo kwa siku mbili hivi.

## Springi haina hiyo

Nilianza na springi ya gari, kama kila mtu anayefua visu nchi hii. Inapatikana, inajulikana, na haikuangushi. Nikapaka udongo, nikapasha moto, nikazamisha kwenye mafuta, nikasugua kwa msasa usiku kucha. Hakuna kitu. Ubapa mzima rangi moja, mweupe kama sahani. Nikadhani udongo mwembamba, nikaongeza. Hakuna kitu. Nikaongeza tena mpaka kisu kikafanana na ndizi iliyokaangwa na unga.

Hakuna kitu.

Kuna mzee mhunzi huku kwetu anayefua majembe na mapanga. Ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Nilimpelekea kile kisu, akakigeuza mara mbili, akakipitisha tupa mgongoni. Tupa ikateleza.

"Kigumu chote," akasema. "Springi haina hiyo unayoitafuta."

Alikuwa sahihi, ingawa sababu niliijua baadaye. Springi nyingi za magari zina kaboni kama asilimia 0.6, na juu yake zimeongezewa kromiamu na manganizi. Madini hayo yanakifanya chuma kisiwe na haraka: hata kikipoa polepole chini ya udongo, bado kinapata nafasi ya kuwa kigumu. Ni sifa njema kwa springi, inayobeba fuso la mkaa kwenye barabara ya mashimo. Kwa anayetafuta mpaka kati ya ugumu na ulaini, ni balaa. Unahitaji chuma maskini, chenye kaboni na karibu hakuna kingine, chuma ambacho ukichelewa kukipoza hata kidogo kinakususia.

Nyumbani kwetu chuma hicho kinaitwa tupa.

## Tupa za zamani, tupa za siku hizi

Tupa nzuri ya zamani ina kaboni inayokaribia asilimia 1 au kuizidi. Nasema ya zamani kwa sababu nyingi za siku hizi ni ngozi tu: chuma laini kilichotiwa ugumu wa juu juu. Ukishaisaga meno yake umeusaga na ugumu wote. Nilinunua nne kwa muuza vyuma chakavu. Nikakata kipande cha kila moja, nikakipasha, nikakizima majini, nikakibana kwenye jiliwa na kukipiga nyundo. Tatu zilipinda. Moja ikakatika ikilia, na ndani mwake palikuwa pa kijivu, laini kama unga wa sembe uliokobolewa.

Niliichukua hiyo moja kana kwamba nimeokota pesa.

Tupa haisagiki kwa urahisi ilivyo. Inabidi uilainishe kwanza: uipashe mpaka nyekundu kisha uizike kwenye majivu ilale humo mpaka asubuhi. Kulipokucha nikaitoa bado ina uvuguvugu, nikaifua, nikaisaga, nikapata umbo la kisu cha samaki chembamba chenye ncha iliyoinuka kidogo, kama apendavyo Shangazi. Udongo niliutoa kwa wafinyanzi wa majiko ya mkaa, nikauchanganya na unga wa makaa na mchanga uliochekechwa. Wajapani nao huchanganya udongo, unga wa makaa na unga wa jiwe, kila mhunzi kwa vipimo vyake anavyovificha. Vyangu sivifichi, kwa kuwa kila mara vimekuwa tofauti.

## Tiki

Vitabu na video zote zinasema maji ndiyo yanayotoa hamon hai. Basi nikatumia maji.

Asiyewahi kuzima kisu majini hajui sauti ninayoisema. Kwanza ni mngurumo wa maji yanayochemka yakizunguka chuma. Halafu kimya. Halafu, wakati umeshaanza kutabasamu, unasikia *tiki*, ndogo kabisa, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti chumba cha pili.

Hiyo ni miezi miwili ya kazi imepasuka.

Ya kwanza ilipasuka kwenye makali, ufa mwembamba kama unywele. Tupa ya pili ilinigharimu wiki tatu kuitafuta. Nikawa mwangalifu zaidi, nikapasha maji kidogo, nikazamisha kwa kuhesabu. *Tiki.* Ufa ulikuwa mahali pale pale, utadhani umeelekezwa na mtu.

Jioni ile nilikaa na vile visu viwili mapajani nikajiuliza kwa nini sifui mapanga kama watu wengine. Panga linauzwa. Panga halilii. Mke wangu alipita, akaangalia, akaendelea na safari yake ya kuanua nguo. Ndoa nyingine zimevunjika kwa mambo madogo kuliko tupa.

Sababu ya kupasuka ni ile ile inayotoa uzuri. Makali yanapogeuka magumu yanatanuka, na mgongo laini unakataa kutanuka nayo. Ndiyo maana panga za Kijapani zina ule mpindo: si nyundo pekee, ni makali yanayousukuma mgongo nyuma. Mvutano huo ukizidi kidogo tu, au ukikuta mkwaruzo uliosahau kuusugua, chuma kinachagua kukatika.

## Usiku wa mafuta

Mara ya tatu nilikubali kushindwa nusu. Niliacha maji nikachukua mafuta ya alizeti, nikayapasha mpaka kidole kikashindwa kukaa ndani. Mafuta yanapoza polepole kuliko maji. Mstari unaweza kufifia, lakini kisu kinakuwa na nafasi ya kuishi. Kwa chuma chembamba kama changu, milimita 3 mgongoni, nilidhani yatatosha.

Nilisubiri giza. Wahunzi wa Japani nao hufunga madirisha wakati huu, kwa sababu mchana unadanganya: wekundu unaouona hafifu juani, gizani ni mkali. Taa ya uani nikaizima. Feni ndogo niliyoitoa kwenye gari bovu ikawa inapuliza makaa polepole. Kila baada ya muda naigusisha sumaku kwenye chuma. Kwenye nyuzijoto kama 770 chuma kinaiacha sumaku, kana kwamba hawajawahi kujuana. Kuanzia hapo unaongeza kidogo tu, mpaka wekundu uwe kama wa embe dodo lililoiva upande wa jua. Ukizidisha, chembe za chuma zinakua, kisu kinakuwa kikavu kama biskuti na mstari unavurugika.

Nikazamisha.

Mngurumo. Kimya. Nikahesabu hadi kumi na mbili. Mbwa wa jirani alibweka na moyo ukanipasuka kabla ya kisu.

Hakuna *tiki*.

Nilipokitoa kilikuwa kimeinama kidogo mbele, upande wa makali, kinyume cha upanga wa Kijapani, kama mtu anayeamkia wakubwa. Mafuta hufanya hivyo. Majini kisu huinama mbele kwanza kisha makali yanakisukuma kirudi nyuma. Kwenye mafuta mara nyingi kinabaki kwenye shikamoo yake. Nilikipitisha tupa kwenye makali: ikateleza ikilia. Nikaipitisha mgongoni: ikauma. Nilicheka peke yangu gizani.

Saa ile ile nikampigia dada yangu anayeoka keki nimuombe oveni. Kisu kilichotoka kuzimwa ni kigumu mno, kikianguka sakafuni kinavunjika. Inabidi kikae kwenye nyuzijoto kama 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena, mpaka chuma kishike rangi ya majani makavu. Dada alikubali kwa sharti kwamba keki za wateja zisinuke mafuta ya fundi.

## Saa kumi na nne za msasa

Hapa ndipo shaka ilipoingia, ingawa wakati ule niliiita bidii.

Msasa namba 220, kisha 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba unasugua uelekeo tofauti mpaka mikwaruzo ya iliyotangulia iishe yote. Ukiacha mmoja, ndimu itauonyesha. Jumla ilikuwa saa kumi na nne kwa pande zote mbili. Kisha maji ya ndimu ya uvuguvugu kwa pamba, suuza, magadi, futa, rudia. Mara ya nane mstari ulisimama. Ulianza mnyoofu karibu na mpini, katikati ukapanda kilima mahali udongo ulipobanduka nilipokuwa napasha, kisha ukateremka na kuifuata ncha.

Kile kilima sikukipanga. Ndicho kizuri kuliko vyote.

Nilipiga picha themanini na tatu. Nilikigeuza kisu chini ya taa, chini ya jua la asubuhi, juu ya jani la mgomba. Rafiki yangu mmoja akanitumia picha ya kisu alichonunua mtandaoni, chenye mawimbi makubwa meusi, akisema hata chake kina hamon. Chake kimechomwa kwa tindikali kiwandani: mawimbi yamelingana kama yamepigwa muhuri, na chuma chenyewe ni kile kisichoshika kutu, ambacho kina kromiamu nyingi kuliko springi yoyote. Nilimwandikia maelezo ya aya tano, na nilifurahia kila aya, jambo ambalo leo linanitia aibu.

Kwa sababu sikumuuliza kama kinakata.

## Mzee na panga lake

Wiki ya tatu baada ya maneno ya Shangazi nilikwenda kwa yule mzee, bila kisu, kukaa tu. Alikuwa anamalizia panga la springi. Akalitoa motoni, na badala ya kulizamisha lote akaligusisha maji upande wa makali tu, mgongo ukabaki juu hewani, mwekundu, ukififia taratibu.

Nimemwona akifanya hivyo miaka minne. Miaka minne! Sikuwahi kukiona.

"Mzee, kwa nini hulizamishi lote?"

"Makali ndiyo yenye kiu," akasema. "Mgongo ukinywa maji, siku panga likigonga jiwe litamkatikia mtu."

Nikalinunua lile panga. Nyumbani nikasugua kipande chake kwa msasa na kupaka ndimu. Mstari ulitokea: mpana, wenye ukungu, haukuwa na ncha wala mawimbi ya kupigiwa picha, lakini mpaka kamili, kutoka mpini mpaka mwisho. Springi ile ile niliyoambiwa haina hiyo. Chini ya udongo na ndani ya mafuta mgongo wake ulikuwa bado unapoa haraka mno. Ukiachwa hewani, ulipata muda wa kubaki laini.

Nilimrudishia nikamwonyesha. Alikisogeza kipande kile karibu na jicho, akakitazama kwa muda mrefu zaidi ya nilivyotegemea.

"Kumbe panaonekana," akasema. "Mimi nilikuwa napasikia tu." Akaonyesha tupa iliyotundikwa ukutani.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi nilikuwa nimevuka kuvukuta na kusana vyote viwili, nikaenda moja kwa moja kwenye kupiga picha.

## Ndimu

Juzi Jumamosi nilirudi Mbagala na jibu nililokuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya daladala. Ningemweleza Shangazi kila kitu: udongo, Wajapani, sekunde moja, zile saa kumi na nne. Ningemwomba asisugue tena. Nilibeba hata kipande kidogo cha msasa wa 2000 mfukoni, sijui cha nini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo, usikanyage magamba."

Uani hakuwa peke yake. Wanawake wanne wanaokaanga samaki naye walikuwa wamezunguka mabeseni, kila mmoja na kisu chake, na visu vingine vimerundikwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Mmoja akamaliza, akatumbukiza mkono kwenye ndoo, akatoa kisu kilichomjia kwanza.

"We, weka hicho, ni changu," Shangazi akasema.

"Utakijuaje? Vyote vyeusi."

Shangazi hakubishana. Akakichukua, akakifuta kwa kanga, akapasua ndimu na kuipitisha ubapani, upande mmoja na mwingine, kama anayepaka samaki. Akasubiri kidogo. Kisha akakiinua wote wakione: chini ya mikwaruzo, hafifu, mnyoofu karibu na mpini, kilima katikati, kisha unateremka.

"Doa langu hili," akasema. "Kisu changu hakiibiki."

Waliinama kuangalia. Yule aliyekitoa kwenye ndoo akaniuliza kama naweza kumtengenezea na yeye. Shangazi akadakia kabla sijafungua mdomo.

"Mtengenezee, lakini doa lake lisifanane na langu, tutagombana."

Nikamwambia halichorwi, shangazi, linatoka lenyewe, hata mimi silijui mpaka nikitoe kisu kwenye mafuta.

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hata wewe hulijui?"

"Hata mimi."

Akacheka mpaka akashika ubavu, akarudisha kisu tumboni mwa kibua. "Basi lake liache litoke linavyotaka," akasema. "Na ule msasa uliojificha mfukoni niachie, nina sufuria imeungua."